Sijambo ya Mgonjwa

Amkio letu la Kiswahili lina ajabu moja ambayo wenyewe hatuioni mpaka tuwe tumelifundisha kwa wageni. Mtu huulizwa "Hujambo?", yaani huna jambo lililokupata, naye hujibu "Sijambo", hata akiwa amelala kitandani kwa homa, hata akiwa ametoka makaburini saa ile ile. Hakuna amwitaye mwongo. Mwulizaji na mwulizwa wote wajua kwamba sijambo ni adabu, na kwamba habari yenyewe itakuja nyuma, baada ya habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za safari kwisha kuulizwa, nayo itakuja kwa kutanguliwa na neno dogo sana: ila. "Hatujambo sote, ila mama hajiwezi." Nimefundisha amkio hili kwa miaka mingi katika nchi mbili, na nakiri kwamba sikulielewa mpaka siku nilipokuwa mimi ndiye mgonjwa, mbele ya tabibu aliyeridhika na sijambo yangu.

Nilikwenda Marekani mwaka 2008, nikiwa na umri wa miaka 27, kusoma shahada ya udaktari katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Minnesota. Nililipiwa ada na posho kwa sharti la kufundisha Kiswahili wanafunzi wanaoanza. Sitaeleza baridi ya huko, kwa sababu kila aliyekwenda ameieleza na hakuna aliyesadikiwa. Yatosha kusema kwamba ziwa lililokuwa karibu na nyumba yetu liliganda hata watu wakaendesha magari juu yake. Mwaka wa kwanza ulipita salama. Wa pili ndio ninaotaka kuusimulia.

Mwishoni mwa Januari 2010 simu ililia saa tano ya usiku. Kwetu Pangani ilikuwa saa mbili ya asubuhi ya siku ya pili. Mjomba wangu alinisalimu kwa utaratibu wote, akauliza habari za masomo na habari za baridi, nami nikamjibu kila swali, ilhali nilikwisha kujua kwamba mtu hapigi simu ya ng'ambo usiku kwa ajili ya habari za baridi. Kisha akasema, "Sisi hatujambo, ila mama yako hatunaye."

Alikuwa amefariki alfajiri, na maziko yaliwekwa baada ya sala ya alasiri. Nilihesabu kwa vidole: alasiri ya Pangani ilikuwa saa moja ya asubuhi ya Minnesota. Hata kama ndege ingalinisubiri mlangoni, safari ile ilikuwa ya zaidi ya saa 20. Tena palikuwa na jambo la karatasi. Muhuri wa viza katika pasi yangu ulikuwa umekwisha muda wake. Mwanafunzi wa namna hiyo hana kosa maadamu anakaa na kusoma, lakini akitoka hana budi kuomba upya ndipo arudi, na ombi hilo laweza kukataliwa. Kwa hiyo nilikaa kitandani nikaifuata saa. Sasa wanamwosha. Sasa wanamkafini. Sasa jeneza limetoka mlangoni. Mimi ni mwanawe mkubwa, na wa kiume ni mimi peke yangu. Kwa dini yetu na kwa ada yetu mwanamke hupokewa kaburini na maharimu wake, na katika hao mwana ndiye wa mbele. Mahali pangu siku ile palikuwa chini, ndani ya kaburi, nikiinua mikono kumpokea mama yangu anaposhushwa. Saa moja ya asubuhi nilitazama dirishani. Theluji ilikuwa ikianguka. Saa tatu nilikwenda kufundisha. Lilikuwa kundi jipya, na somo la siku ile lilikuwa maamkizi. Vijana 18 waliniitikia sijambo kwa sauti moja, nami nikawasahihisha matamshi.

Ugonjwa haukuja siku ile. Ulikuja Machi. Kwanza usingizi ulikatika, nikawa naamka saa tisa ya usiku na silali tena. Kisha moto utosini, kama niliyewekewa kaa. Kisha kitu kikitambaa chini ya ngozi ya mgongo. Kisha nikawa nasoma ukurasa mmoja mara nne na maneno yapite mbele ya macho yangu kama watu nisiowajua. Baadaye sana nilisoma kwamba Raymond Prince, tabibu wa Kanada aliyefanya kazi Nigeria, aliandika mwaka 1960 juu ya wanafunzi wa huko waliokuwa na moto kichwani, na mtambao mwilini, na ukurasa usioingia akilini. Wenyewe walisema ubongo wao umechoka. Wataalamu wamebishana tangu hapo kama huo ni ugonjwa wa pekee, na imeonekana kwamba jina lenyewe lilikuwa likitumiwa Uingereza katika karne ya 19 kwa Waingereza waliosoma mno. Walakini nilipoisoma habari ile nilifurahi kwa namna isiyo ya kitaalamu: kumbe nilikuwa na wenzangu.

Nilikwenda kwenye matibabu ya wanafunzi. Tabibu aliniuliza hali, nikasema nzuri. Akangoja kidogo, ningesema kama nusu dakika, kisha akaandika. Nilimweleza kichwa, naye akapima kichwa. Damu ilikuwa safi, macho salama. Akanipa karatasi ya maswali 9, ile itumikayo sana duniani tangu mwaka 2001, ambayo kila swali lina daraja kutoka 0 hadi 3 na jumla yake ni 27. Swali moja lilitaka kujua ni mara ngapi katika wiki mbili zilizopita nimekuwa na majonzi au nimekata tamaa. Niliandika 0. Sikuwa nikimdanganya mtu. Tangu chuoni kwa mwalimu wangu wa Kurani nilifundishwa kwamba kukata tamaa na rehema ya Mungu ni dhambi kubwa, na nilipoliona neno lile sikuona dalili ya maradhi bali niliona shtaka, nikalikana. Kadhalika swali la kufikiri afadhali kufa. Nani aandike neno kama hilo kwa mkono wake? Jumla yangu ilikuwa 6. Tabibu, ambaye alikuwa mtu mwema, aliniambia nipunguze kahawa.

Jambo lililompoteza ni kwamba nilisema Kiingereza vizuri. Mgeni asiyejua lugha huletewa mkalimani; mgeni aijuaye hudhaniwa amekwisha kufasiriwa.

Mwezi wa Aprili nilirudi nikiwa nimekonda, na safari hii nilimkuta tabibu mwingine, kijana, mwenye hofu ya kukosea. Aliniuliza kama husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kwa kuwa swali hili halikuwa na dhambi ndani yake, nilijibu kweli: naam, husikia sauti ya mama yangu. Akaniuliza mama yangu yuko wapi. Nikasema amekufa. Akauliza kama sauti hiyo huniamrisha kufanya mambo. Nikasema naam, huniamrisha niamke nikasali alfajiri, kama alivyokuwa akiniamrisha tangu nilipokuwa na miaka saba. Niliona kalamu yake ikienda mbio. Kabla ya magharibi nilikuwa katika hospitali nyingine, nimevuliwa mshipi na kamba za viatu, na mlango ulikuwa ukifungwa kwa nje.

Nililala huko usiku mmoja. Hakuna aliyenitenda vibaya. Nililetewa supu na blanketi la pili. Lakini mtu aliyekulia mkoa wa Tanga anajua maana ya mlango ule. Katika milima ya Usambara kuna Lutindi, ambako wamisionari wa Kijerumani walianza kutunza wagonjwa wa akili mapema katika karne ya 20, na sisi tulipokuwa watoto tulitishana kwa jina hilo, kama watoto wa mikoa mingine wanavyotishana kwa Mirembe ya Dodoma. Usiku kucha sikuwaza mama wala masomo. Niliwaza nani atawaambia watu wa Pangani. Asubuhi mkubwa wa madaktari alizungumza nami kwa saa nzima, akaona kwamba sina wazimu, akanirudisha kwangu pamoja na barua.

Basi nilikwisha kupimwa mara mbili: mara ya kwanza nikaonekana sina kitu, na mara ya pili nikaonekana nina zaidi ya nilichokuwa nacho. Kosa hili la pande mbili ni la zamani kuliko matabibu wangu wawili, na upande wake mmoja ulianza karibu na kwetu. J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kabla ya kuandika mwaka 1953, kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, kitabu juu ya akili ya Mwafrika. Alisema kwamba ugonjwa wa majonzi ni nadra kwa Waafrika, na alithubutu kuifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Frantz Fanon, aliyekuwa mwenyewe tabibu wa akili huko Algeria, alimjibu kwa ukali mwaka 1961. Mimi naona jibu lililouma zaidi lilikuja kimya kimya mwaka 1979, John Orley na J. K. Wing walipotangaza uchunguzi wao wa vijiji viwili vya Uganda. Waliwauliza watu kwa Kiganda, na wakaona majonzi hayo ni mengi vijijini kuliko katika mtaa wa London waliolinganisha nao. Wagonjwa walikuwako siku zote. Hapo kale walikuwa wakisema hawajambo, na Carothers akaandika hivyo.

Nilipotoka hospitali nilipelekwa kwa mshauri aliyesemekana kuwa na ujuzi wa tamaduni. Huyu alinisikiliza dakika kumi, akanipa kijitabu chenye picha ya ngoma, akauliza kama kwetu mtu wa hali yangu angechezewa ngoma ya kutoa pepo, na kama ningependa kuzungumzia hilo. Ngoma za pepo ziko Pangani, nami nimezisikia utotoni usiku. Lakini mama yangu alikuwa mtu asiyeruhusu hata tarumbeta ya harusi isimame mbele ya mlango wetu. Yule bwana alikuwa amesoma juu ya watu wangu, na kwa kuwa amesoma, hakuona haja ya kuniuliza mimi. Nilikiacha kijitabu juu ya kiti.

Wa nne alikuwa mwanamke wa makamo, binti wa wakimbizi wa Kihmong kutoka Laos, watu ambao wengi wao walihamia Minnesota na Wisconsin baada ya mwaka 1975. Alikuwa hajui Pangani iko wapi, na alisema hivyo. Aliniuliza habari za safari ya kutoka nyumbani kwangu hadi kwake, maana kulikuwa na barafu. Akaniuliza nakaa na nani, nani anapika, chakula gani. Nilimjibu yote, nami nikajisikia kama mtu aliyefika barazani. Kisha akauliza, "Maradhi haya, kwenu yanaitwaje?" Nikasema sijui, labda wangesema nina mawazo, labda wangesema moyo wangu mzito. "Na wewe waona yametoka wapi?" Nikanyamaza. Hakunisaidia. Ndipo nikasema mama yangu amefariki mwezi wa kwanza. Wale watatu wa mwanzo walipofika hapo waliniuliza nilijisikiaje. Yeye aliuliza, "Kwenu, mwana mkubwa hufanya kazi gani siku hiyo?"

Nilimweleza kaburi. Nilimweleza kwa kuchora, juu ya karatasi yake, shimo, na mwanandani ubavuni mwake, na mahali asimamapo mwana. Akaitazama picha ile muda mrefu, akauliza ni nani aliyesimama pale badala yangu. Nikasema sijui. Miezi mitatu ilikuwa imepita, nami nilikuwa sijathubutu kumwuliza mjomba ni nani aliyempokea mama yangu.

Leo najua kwamba maswali yale hayakutoka kichwani mwake tu. Arthur Kleinman na wenzake walikuwa wameyatangaza ya namna hiyo tangu mwaka 1978, wakiwataka madaktari wamwulize mgonjwa maradhi yake yanaitwaje, yametoka wapi, na anachokihofu ni nini; na mwaka 2013 waganga wa akili wa Marekani waliweka maswali 16 ya aina hiyo katika kitabu chao kikuu cha kuainisha magonjwa. Ni jambo jema. Walakini nimeyasoma yote 16, na nadhani mtu aweza kuyauliza kwa haraka ile ile ya maswali 9.

Siku ile jioni nilimpigia mjomba. Alikuwa ni yeye mwenyewe aliyeingia kaburini, na binamu yangu pamoja naye. Tena alisema neno ambalo hakulisema Januari, kwamba alipokuwa chini alilitaja jina langu. Katika barua yake iliyofuata alitia kombe: kipande cha karatasi kilichoandikwa aya kwa zafarani, nikioshe kwa maji ninywe. Nilikificha ndani ya kamusi ya Johnson kwa wiki mbili, maana niliona haya mbele ya wasomi wenzangu kwa kuwa nacho, na mbele ya mjomba kwa kutokinywa. Nilipomwambia yule mama, hakucheka wala hakujifanya kustaajabu. Aliuliza maneno yale yana maana gani, na wino wake umetengenezwa kwa nini. Kwa maana nilikuwa nimekwisha kuanza vidonge, na alitaka kujua kama kuna kitakachogombana navyo. Zafarani haikugombana na kitu. Nilikinywa.

Aliniuliza pia kama dini yangu haikuacha nafasi kwa mtu aliye mbali. Hapa naona haya kueleza. Nilikuwa najua. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, maiti aliye mbali aweza kusaliwa hata asipokuwapo. Nililisoma hilo kitabuni nikiwa na miaka kumi na miwili. Lakini tangu Januari sikuwa nimelikumbuka, kama mtu atafutaye miwani aliyoivaa. Wasomali ni Shafii kama sisi, na Minnesota imejaa Wasomali. Imamu wao, mzee mwenye ndevu za hina, aliniuliza jina la mama na tarehe, basi. Ijumaa ile, baada ya sala, watu wasiomjua walisimama safu tatu wakamsalia mama yangu. Sala ya maiti haina rukuu wala sijida. Ni takbira nne, na dakika chache. Baadaye tulipewa chai ya maziwa yenye hiliki, na mtu mmoja akanishika bega akauliza kwetu ni wapi.

Sitadai kwamba nilipona siku ile. Vidonge nilivimeza miezi tisa, na mtihani wangu mkubwa uliahirishwa mwaka mzima. Usingizi ulirudi kwa ukaidi, saa moja leo, nusu saa kesho. Sauti ya alfajiri ilikaa mpaka karibu na mfungo wa Ramadhani wa mwaka ule, kisha ikaondoka bila kuaga, na kuna siku naitamani.

Tangu niliporudi nyumbani nimealikwa mara kadhaa na madaktari kuwasaidia kufasiri karatasi zao za maswali. Kazi hii ni ngumu kuliko kufasiri mashairi. Siku hizi wamekubaliana kuuita ugonjwa ule sonona, na neno ni zuri, la zamani, lenye maumivu ndani yake. Lakini sijapata kumsikia mama wa Pangani akisema ana sonona. Husema kichwa kinamwaka moto. Husema amechoka roho, mwili hauna nguvu, ana mawazo. Nimewaomba madaktari waliache neno lao kwenye jalada, na la mgonjwa waliandike pembeni kama alivyolisema. Wengine wamekubali. Mmoja aliniuliza nafasi ya kuandika iko wapi, akanionyesha karatasi. Kwa kweli haikuwapo. Huko Nigeria, mwaka 1954, Thomas Adeoye Lambo alianza kuwapokea wagonjwa wa Aro, karibu na Abeokuta, pamoja na jamaa zao, wakikaa katika vijiji vya jirani na kuja hospitali mchana. Huyo alitengeneza nafasi ya kijiji kizima. Sisi twakosa ya mstari mmoja.

Chuoni petu nasi tunao wageni sasa, kutoka Burundi, Rwanda, Kongo na Komoro. Wengi wao wanasema Kiswahili, na kwa hiyo twadhani tumewafahamu; ni kosa lile lile nililotendewa mimi kwa Kiingereza changu. Mmoja kutoka Rwanda ndiye aliyenifundisha neno agahinda, ambalo nilikuwa nikilifasiri kwa wepesi kuwa huzuni. Aliniambia silo hasa, na tulikaa saa nzima tukitafuta, wala hatukulipata.

Muhula uliopita alikuja ofisini mwanafunzi wa mbali, ambaye nchi yake sitaitaja. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." Alitaka siku saba zaidi za kumaliza insha yake, nami nikampa. Ilikuwa imebaki robo saa kabla ya mkutano wa idara. Nikamwuliza habari za nyumbani, akasema ni nzuri. Habari za chumba alichopanga, akasema ni kizuri, maji hukatika tu. Nikamwuliza ni nani anayepika. Simu ya mezani ililia, nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Tulizungumza bei ya mchele. Akanyanyuka, akachukua mkoba wake, akafika mlangoni, akasema, "Ila, mwalimu."

Mkutano wa idara ulianza bila mimi.